Tela la kulala pale Mtera: maoni yangu kwa anayefikiria kulikodi

Hili tela tumelikodi Dodoma mjini tukalivuta mpaka Mtera, tukalala nalo kando ya bwawa familia nzima, na nalipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa sababu ya friji na vumbi, ntaeleza huko chini. Wenye tela siwataji jina maana malalamiko yangu nimewafikishia wenyewe wakasema watarekebisha, afu nachoandika hapa kitakufaa hata ukikodi kwa mtu mwingine, kwa sababu shida za tela kule Mtera ni zile zile tu, jua, upepo, vumbi na maji. Godoro zuri na vitasa vinavyong'aa vikusubiri kwanza, hivyo vinne ndo vya kuuliza kabla hujatoa hela.

Kwa asiyepajua, Mtera ni kama kilomita 130 hivi kutoka Dodoma kwa barabara ya Iringa, unapita Mlowa, Manzase, Fufu, Chipogolo, lami mwanzo mwisho. Hewa unaisikia kabisa inabadilika njiani, Dodoma mjini tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, bwawa lenyewe likijaa maji yanasimama mita 698.5, kwa hiyo joto la kule ni habari nyingine. Mibuyu na miiba mpaka unachoka, afu ghafla maji meupe yametanda mbele yako huoni mwisho wake, na miti iliyokufa imesimama ndani ya maji ndege wamejaa juu yake. Nakwambia ukifika pale jioni hutaki mtu akuongeleshe.

Sasa yale maji sio ziwa la asili, ni mto Ruaha Mkuu umezuiwa, kuna kituo cha umeme cha megawati 80 kilichoanza kazi 1988 na maji yakitoka hapo yanakwenda tena kuzungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204. Nalitaja hili kwa sababu linamhusu moja kwa moja mtu wa tela. Bwawa limetanda, likijaa linazidi kilomita za mraba 600, ila halina kina kirefu, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu kimo ufukwe unahama mbali sana. Kule Marekani wenzetu wanaovuta matela mpaka Lake Mead, lile ziwa la jangwani nyuma ya ukuta wa Hoover, wanakutana na kitu hicho hicho, mahali walipopaki mwaka juzi leo maji yako mbali nao. Hapa kwetu nani asiyekumbuka ukame wa 2005 na 2006, Mtera ilivyokauka mpaka nchi nzima tukawa na mgao wa umeme.

Kwa hiyo ukifika usikimbilie kusogea majini. Sisi tulianzia ofisi ya kijiji kutoa taarifa kwamba tunalala, tukaelekezwa kwa mzee mmoja mvuvi anayelijua eneo, tukamsalimia, shikamoo mzee, marahaba wanangu karibuni, akaliangalia tela akaiangalia na gari, akachukua fimbo yake akashuka nasi hadi pale palipoonekana pakavu kabisa, udongo umepasuka vipande vipande, akaikandamiza fimbo kidogo tu ikazama nusu nzima. Akasema "Mwanangu, juu hapa gamba, chini uji. Lori lilikaa hapa siku mbili." Afu akatuonyesha njia ya kiboko, nyasi zimelala na udongo umechimbika pande mbili, akasema hapa usiku ana haki yake, msimzibie. Tukapaki juu kabisa kwenye changarawe karibu na mbuyu, maji tunayaona vizuri tu. Mzee tulimpa chochote na alistahili zaidi ya pale.

Kuhusu kulivuta, tela lenyewe ni la ekseli moja, yani matairi mawili tu, moja kila upande, sio zito sana, Prado ya shemeji ilivuta bila shida. Hapa nawasifu wenye tela, walituonyesha kila kitu taratibu, jinsi ya kufunga kiungio, minyororo ya usalama inavyopishana chini yake, plagi ya taa, wakawasha indiketa na breki tukaziona, wakapima upepo wa matairi mbele yetu pamoja na spea. Na walisisitiza mzigo mzito ukae mbele ya ekseli au juu yake, maji, mitungi, kreti za soda, kwa sababu ukirundika nyuma tela linaanza kuyumba na likianza kuyumba kwenye mwendo linaiyumbisha na gari. Tulienda mwendo wa 70 hivi, vijijini tunashuka mpaka 50 kama vibao vinavyosema, malori yakitaka kupita tunayapisha. Ukitaka kuunganisha mpaka Iringa kumbuka mbele ya Migoli kuna Nyang'oro, kona na mlima, kule hakikisha breki za tela zinafanya kazi, usiamini maneno, jaribu kwanza uwanjani.

Ndani pako sawa. Kitanda cha watu wazima wawili nyuma, meza inashuka inakuwa kitanda cha watoto, kabati za juu zina loki kwa hiyo sahani hazikumwagika njiani, jiko la plet mbili la gesi, sinki dogo. Madirisha yana wavu wa mbu mzima, nimekagua wote kwa kidole kwa sababu Mtera mbu wapo na malaria ipo, hakuna tundu. Paa lina kidirisha cha kutolea joto chenye feni ndogo na hiki ndo kilituokoa, mchana ndani panakuwa tanuri usipokifungua, ila ukikifungua na madirisha ya upande wa upepo hewa inapita vizuri. Usiku huhitaji hata feni.

Kwenye friji ndo mambo yalipoharibika. Ni lile la gesi, linalofanya kazi kwa moto mdogo unaowaka nyuma, halina kompresa, ile mota ya umeme inayonguruma kwenye friji za nyumbani. Aina hii ya friji ina masharti mawili ambayo wenye tela walitakiwa kutuambia na hawakusema. La kwanza lazima tela likae sawa, likiinama ule mzunguko wa ndani haufanyi kazi vizuri na friji haipoi hata uongeze gesi namna gani. La pili linatoa joto lake nyuma kupitia matundu ya ubavuni, kwa hiyo ubavu huo ukiutazamisha jua la alasiri umeshaliua. Nyama tuliyotoka nayo Dodoma ilianza kunuka, maziwa ya mtoto yakaganda. Mke wangu ndo aliyeligundua, aliweka mkono kwenye yale matundu ya nje akaona joto pale sio la kawaida, tukaligeuza tela matundu yakaelekea mashariki, tukaomba pima maji kwa fundi mwashi pale senta, tukaiweka sakafuni kwenye mlango wa friji tukapandisha jeki mpaka kile kipovu kikakaa katikati, na kesho yake asubuhi maji ya kunywa yalikuwa ya baridi kweli kweli. Yani pima maji ni kitu cha elfu chache, kwa nini kisiwemo kwenye tela? Na karatasi moja ya maelezo ya friji ibandikwe mlangoni, kila mteja asipate hasara ya nyama kujifunza upya. Hata hivyo kwa joto la Oktoba na Novemba kule bondeni mimi nisingelitegemea peke yake, beba na kasha la barafu.

Vumbi nalo. Upepo wa Dodoma mnaujua, kule bwawani hakuna cha kuuzuia, unakuja mchana kutwa unapita juu ya ule udongo mkavu wa ufukweni na unabeba unga mwembamba ambao unapita popote. Mpira wa chini ya mlango wa hili tela umekatika kipande cha kama kiganja, basi kila tukiamka kuna mstari wa vumbi umeingia ndani moja kwa moja mpaka chini ya kitanda cha watoto, mtoto wetu mdogo ana pumu, usiku mmoja alikohoa mpaka nikawa na wasiwasi mkubwa. Tukaziba na khanga iliyoloweshwa, ikasaidia. Hili silichukulii poa hata kidogo, mpira wa mlango ni kitu kidogo kukibadilisha na mtu mwenye mtoto wa pumu anaweza kujikuta anaendesha usiku kutafuta hospitali. Lile turubai la kivuli la ubavuni ni zuri mno, mchana kutwa maisha yetu yalikuwa chini yake, ila likunje kabla ya kulala na ukitoka kwenda mahali, upepo ukilipata wazi unaling'oa na nguzo zake.

Sola inatosha taa, pampu ya maji na kuchaji simu, usidhani utapiga pasi. Betri ni ya risasi ya kawaida, hizi ukizimaliza chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema, wenye tela wameweka kidude cha kuonyesha chaji karibu na mlango, kiangalie. Kuna mvutano hapa, mbuyu unakupa kivuli cha kulala ila unainyima sola jua, sisi baada ya kuligeuza tela kivuli kilitupata kuanzia saa nane mchana, asubuhi yote paneli inakula jua, ikatosha.

Maji tenki ni la lita 100, kwa familia ni ya kuosha vyombo na kuoga kwa kujibana, ya kunywa tulibeba madumu yetu. Ya bwawani usichote ovyo ukaoga nayo, maji yaliyotuama ndo makazi ya konokono wa kichocho, na mamba wapo, watoto wasichezee ukingoni hata kama wenyeji unawaona wanafua. Choo ni kile cha kubeba chenye dawa, kisafi, tulikimwaga kwenye choo cha shimo cha pale kijijini kwa ruhusa. Tafadhali sana msimwage uchafu ufukweni, watu wanakula samaki wa humo.

Na jambo ambalo nataka kila mzazi alisikie, usiku wa Julai kule unaweza kuwa na ubaridi na mtu akapata wazo la kuingiza jiko la mkaa ndani ya tela. Usithubutu. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukushtua na chumba ni kidogo, familia nzima inalala haiamki. Blanketi za ziada zipo chini ya kitanda, tumia hizo. Gesi nayo fungeni kwenye mtungi wenyewe kabla ya kuanza safari, na kabla ya kulala pia isipokuwa kama usiku friji linawaka, na hapo acheni tundu za hewa za chini wazi, msizizibe na nguo kwa ajili ya vumbi.

Chakula sina la kulalamika. Perege wanatolewa asubuhi wabichi, unachagua mwenyewe, mama mmoja pale barabarani anawakaanga mpaka mapezi yanavunjika kama bisi, anaweka ndimu na pilipili, ugali wa uwele pembeni na mlenda ukitaka. Shemeji ambaye kwao ni Mwanza alikuja na dharau zake za sato, akarudia sahani.

Bei walituchaji laki moja na nusu kwa usiku, dhamana juu yake ambayo walirudisha yote siku hiyo hiyo bila longolongo. Ukilinganisha na kuchukua vyumba viwili vya lodge na kula hotelini kila mlo, kwa familia ya watu watano naona ni halali, kwa wawili tu ningewaambia chukueni hema. Muda mzuri ni Juni na Julai, nyasi bado zipo kiasi na vumbi halijakolea, masika usijaribu kabisa kutoka nje ya lami na kitu unachokivuta. Pale kwenye ukuta wa bwawa na kituo cha umeme usisimame kupiga picha, ni eneo la ulinzi, pita tu.

Tumeshaongea nao kuhusu Juni, watatupa lile lile. Nimewaambia wazi kabla sijatuma hata advansi nataka nitumiwe picha ya mpira mpya wa mlango, na pima maji niikute kwenye droo ya vijiko.