PostgreSQL kwenye seva mbili: imara, ila haijiendeshi

Ukishaongeza mstari wa replication (ruhusa ya kunakili) kwenye pg_hba.conf, faili la ruhusa za kuunganishwa la hifadhidata ya PostgreSQL, kuandaa seva ya akiba (nakala hai ya seva kuu) ni amri moja tu: pg_basebackup yenye -R hunakili data yote, huweka faili la standby.signal na kuandika anwani ya seva kuu. Hapo inastahili sifa.

Balaa liko kwenye sloti, alama ambayo seva kuu huiweka kujua akiba imefikia wapi kunakili. Seva ya akiba ikizimika, seva kuu huendelea kuitunzia faili za WAL (kumbukumbu za mabadiliko) hadi diski ijae na huduma nzima isimame. Tangu toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size, lakini huja ikiwa -1, yaani bila kikomo (chaguo la ajabu kidogo). Iwekee kikomo siku ya kwanza.

Udhaifu mkubwa ni kwamba seva kuu ikianguka, hakuna kinachobadilika chenyewe: mtu aendeshe pg_promote() kwenye akiba ili iwe kuu, au usakinishe Patroni, programu inayofanya hivyo yenyewe. Ukitaka unakili wa papo kwa papo kupitia synchronous_standby_names, usitegemee akiba moja. Ikikatika, kila COMMIT (amri ya kuthibitisha mabadiliko) inaning'inia. Weka mbili, na ANY 1 (jibu la yoyote moja linatosha).

DROP TABLE (amri ya kufuta jedwali) ya bahati mbaya nayo hunakiliwa mara moja, kwa hiyo bakapu bado inahitajika, tena ikae jengo lingine.