Niweke dola ngapi kwa viatu vya kukimbilia? Jibu langu kutoka Goma

Katika kundi letu la mbio za asubuhi swali hili haliishi. Mtu mpya akija, hata kabla ya kuuliza tunakimbia mpaka wapi, anatazama miguu yangu na kuuliza viatu nilivinunua ngapi. Ninafundisha michezo shuleni, kwa hiyo na wazazi wananiuliza. Naandika jibu lote hapa: kwa mtu mzima anayekimbia Goma, weka dola 30 hadi 40, nunua mitumba ya viatu halisi vya kukimbilia, kisha ongeza dola 3 za fundi wa kushona. Dola 15 au 18 za kopi mpya, yaani kiatu cha bandia chenye nembo ya kuiga, ni pesa iliyopotea. Dola 130 za kiatu kipya cha dukani, wengi wetu hatuzihitaji.

Naanza na barabara kwa sababu ndiyo inayoamua. Lava ya volkano yetu ya Nyiragongo ya Januari 17, 2002 ilipita katikati ya mji ikafika ziwani, na mpaka leo mawe yake ndiyo tunayojengea kuta na kumwaga njiani. Jiwe hilo likivunjika linabaki na makali. Mvua ikishaosha vumbi lililokuwa juu yake, meno yote yanasimama. Ukiacha lami ya barabara ya Sake ukaingia njia za ndani za Ndosho, unasikia soli ikikwaruzwa kila hatua. Viatu vingi vya kukimbilia vimetengenezwa kwa watu wa lami na njia za bustani, na sisi tunavileta juu ya volkano. Kwa hiyo kwangu mpira wa chini unahesabiwa kwanza, sponji ya pili, na rangi haina hesabu.

Sasa tuangalie bei inalipia nini. Mwaka 2023 Adidas walitoa kiatu cha mashindano cha dola 500, Adizero Adios Pro Evo 1, chenye uzito wa gramu 138. Septemba 24 mwaka huo Tigst Assefa wa Ethiopia alikivaa Berlin akamaliza marathoni kwa saa 2:11:53, rekodi ya dunia ya wanawake wakati ule. Kampuni yenyewe ilisema kiatu hicho ni cha marathoni moja, pamoja na mbio chache za kukizoea. Dola 500 zile zililipia wepesi. Kwa Tigst Assefa zilikuwa na maana kamili. Mtu wa Goma akiona bei kubwa anafikiri ananunua uimara, na hapo ndipo pesa yake inapopotea.

Kuna jambo jingine ambalo huwa nawaambia wazazi. Mwaka 2007 watafiti wa Dundee, Uskoti, walichapisha matokeo ya kulinganisha viatu vya kukimbilia vya bei tatu, kuanzia pauni 40 hadi 75, kutoka kampuni tatu. Walipima shinikizo chini ya unyayo, wakauliza wavaaji kuhusu raha ya mguu. Vya bei ya chini na ya kati vililinda mguu sawa na vile vya bei ya juu, hata kuvishinda mahali pengine. Lakini angalieni vizuri: hata kile cha pauni 40 kilikuwa kiatu halisi cha kukimbilia. Utafiti ule hautetei kopi.

Kopi nimeiona ikifanya kazi yake. Binti mmoja wa kundi letu alinunua pea mpya ya dola 18, yenye nembo ambayo kila mtu anaijua, nyeupe, nzuri kwa macho. Wiki haijaisha, soli ya mguu wa kulia ikaanza kufunguka mbele karibu na mzunguko wa Chukudu, akarudi nyumbani akitembea. Nilipoipasua kwa kisu kumwonyesha, ndani hamkuwa na sponji ya kukimbilia. Kulikuwa na povu jepesi lenye matundu makubwa, na chini yake plastiki ngumu badala ya mpira. Aliyemuuzia alikataa kurudisha hata nusu ya pesa. Dola 18 kwa mwanafunzi ni nyingi, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo twende soko la Virunga. Kijana ninayenunua kwake anapanga viatu juu ya turubai, kila pea imefungwa kwa kamba zake ili isitengane. Anachagua vizuri robota zake, na hajawahi kukasirika kwa sababu nimegeuza kiatu mara kumi. Hilo pekee linanirudisha kwake.

— Mama Mwalimu, leo nimekuwekea kitu. Numero 40, ya kike, haijachoka.

— Ngapi?

— Arobaini. Na ni kwa sababu ni wewe.

— Acha kwanza niishike, mdogo wangu.

Kuishika ndiyo kazi yenyewe. Nageuza soli na kutia ukucha kwenye mifereji ya mpira. Ukucha ukizama, mpira bado una maisha. Natazama kisigino upande wa nje, ambapo wengi wetu tunakanyagia. Sponji ikichungulia mahali ambapo palitakiwa kuwa na mpira, narudisha kiatu bila kuuliza bei. Halafu naweka kidole gumba ubavuni mwa sponji na kubonyeza kwa nguvu. Sponji nzima inabonyea na kurudi polepole. Iliyokufa ni ngumu kama ubao, na ubavuni ina mikunjo myembamba iliyolala sambamba. Hapa watu wanadanganywa na macho. Sponji inazeeka hata kiatu kikiwa kimelala stoo, kwa hiyo kiatu kinachong'aa kinaweza kuwa kizee kabisa. Adidas na Nike huandika tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo ndogo ya ndani, isome. Kuna pia sponji ya poliyurethani, ambayo unyevu unaivunja taratibu mpaka siku moja inamomonyoka vipande mguuni. Hiyo utaikuta zaidi kwenye viatu vya kupandia milima, na Goma vinauzwa vingi.

Baada ya hapo naweka pea juu ya ubao ulionyooka na kuinama nyuma yake. Mwenye kiatu wa kwanza aliacha mwendo wake ndani: kisigino kikilalia upande mmoja, na wewe utalazimishwa kukanyaga hivyo hivyo. Nakunja kiatu. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, hakitashika unyayo wako. Natoa soli ya ndani nione kama chini yake pamepasuka. Nanusa. Harufu kali ya kole maana yake kimebandikwa juzi, na rangi nyeupe iliyopakwa ubavuni mara nyingi inafunika ufa wa sponji.

Mwisho nasoma namba za miguu yote miwili. Kwenye robota pea zinachanganyika, unakuta kulia ni 40 na kushoto ni 40 na nusu, na mtu anakuja kulalamika goti bila kujua sababu. Ulimi wa kiatu huwa umeandikwa vipimo vya nchi mbalimbali pamoja na sentimita. Mimi nafuata sentimita. Jaribu mchana, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, ukivaa soksi zako za mbio, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Pea ile ilikuwa Asics Gel-Cumulus. Tukafika dola 32, na hiki ndicho kiatu ninachokisifu hapa. Cumulus ni kiatu cha mazoezi ya kila siku, ndugu mdogo wa Nimbus ambayo inauzwa ghali zaidi, na soli yake ina mpira ambao Asics wanauita AHAR, uliotengenezwa ili usilike haraka. Juu ya mawe yetu tofauti inaonekana. Mpira wa kisigino umekwaruzika, una alama nyeupe za mawe, lakini haujakatika kipande. Sponji inapokea mteremko vizuri, na kidole kikubwa hakigongi mbele. Kasoro zipo. Kitambaa cha juu kina matundu mengi, vumbi jeusi linaingia lote, soksi nyeupe usizivae. Na mvua ikikinyeshea kinachukua muda mrefu kukauka, hasa sehemu ya ulimi.

Dola 3 za fundi msizikate kwenye bajeti. Kole ya kiwandani ikishakutana na maji na jua letu inachoka, na soli inaanza kuachia mbele. Papa ninayempelekea viatu anafanya kazi chini ya mwavuli, na kiatu cha mbio anakishughulikia tofauti na cha ofisi. Anapitisha shazia kwenye pua ya kiatu, pale mpira unapopanda juu ya vidole, anavuta uzi wa nailoni uliopakwa nta mpaka unazama ndani ya mpira ili jiwe lisiukate, kisha anaendelea pembeni mpaka usawa wa vidole na kuishia hapo. Nilipomwomba azungushe kiatu chote alikataa.

— Hapana, mama. Nikikaza uzi kisigino, sponji haitapumua tena. Utakuja kunilaumu kwa mgongo.

Alichosema ni kweli. Sponji ya kisigino inafanya kazi kwa kubanwa na kutanuka, na uzi uliokazwa unaizuia. Fundi anayejua aache wapi nitamlipa hata dola 5.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Watengenezaji na makocha wengi hutaja kilomita 500 hadi 800 kama umri wa kiatu cha kukimbilia. Mtu wa kilomita 15 kwa wiki anafikisha 780 kwa mwaka, na kiatu chake cha mitumba kimeshatumia sehemu ya umri huo kwa mwenyewe wa kwanza. Kwa hiyo usinunue pea moja ukitegemea miaka mitatu. Weka dola 3 kando kila mwezi, na mwaka ukiisha una 36 mkononi. Mwenye dola 130 leo ni afadhali anunue pea mbili nzuri, azivae kwa zamu zikauke vizuri, na zinazobaki zifanye kazi nyingine nyumbani.

Watoto wa shule ni hesabu tofauti. Mguu wa mtoto unakua kabla soli haijaisha. Kwa saa zangu za michezo kiatu chepesi cha kitambaa kinatosha, mradi kisimbane na kisiteleze. Mzazi asikope pesa kwa sababu mtoto ameona nembo kwa jirani. Akianza kukimbia kweli, kila wiki, nitamwambia mzazi mwenyewe, na tutaenda sokoni pamoja.

Kuna watu ambao nawaambia waongeze pesa bila kusita. Mwenye kisukari asivae kiatu kilichotengeneza umbo la mguu wa mtu mwingine, kwa sababu kidonda kidogo kwake ni hatari. Anunue kipya, na amuulize muuguzi wake. Mwenye maumivu ya goti au kisigino yasiyoisha, vilevile. Na wanaume wa numero 45 kwenda juu, ninyi hamna uchaguzi mkubwa, robota zinaleta pea chache za namba hiyo na bei yake inapanda.

Kwa anayekwenda Virunga wiki hii: mwambie muuzaji akupigie simu siku anayofungua robota, ufike asubuhi, maana viatu vya kukimbilia vinaondoka kabla ya saa nne. Beba soksi zako. Na noti ya dola iwe safi, isiwe na mchaniko hata kidogo, vinginevyo mtakubaliana bei vizuri halafu kiatu kibaki kwenye turubai.