Ramani ya leseni za madini mtandaoni: nzuri, ila chunga zile mita 300

Mwenye detekta (kifaa cha kunusa metali ardhini) au karai la kuoshea dhahabu huwa na swali moja kabla ya mengine yote: pale ninapotaka kwenda pana mwenyewe? Kwa Tanzania, jibu la kwanza liko kwenye ramani ya leseni ya Tume ya Madini, ambayo mtu huifungua kwa simu au kompyuta bila kufika ofisini. Hapa tunaipima kwa kazi hiyo tu, pamoja na ramani nyingine za kuisaidia, kwa sababu peke yake haitoshi.

Kwanza hili lieleweke. Video za wazungu wa Australia wanaookota vipande vya dhahabu zimewapotosha wengi. Kule Australia Magharibi mtu hukata kibali kiitwacho Miner's Right, akaenda wikiendi na detekta yake kwenye ardhi ya serikali isiyo na leseni ya mtu. Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010 haina kibali cha namna hiyo. Kifungu cha 6 kinakataza kutafuta au kuchimba madini bila haki ya madini, na hakiulizi kama umekuja kibiashara au kujifurahisha. Basi faida ya ramani hii ni kujua umwombe nani ruhusa, au kama eneo liko wazi uliombee leseni yako mwenyewe. Leseni ndogo ya uchimbaji, yaani PML, hutolewa kwa Watanzania tu. Hudumu miaka 7, na kwa dhahabu ukubwa wake hauzidi hekta 10.

Hizo hekta 10 zikumbuke, tutazirudia.

Kwa swali la nani anashikilia nini, ramani hii haina mshindani. Unasogeza hadi eneo lako, unabonyeza kipande, unasoma namba ya leseni, aina yake, mwenye nayo na tarehe. Wengi huishia kwenye rangi, na hapo ndipo wanapokosea. Kipande kinaweza kuwa leseni hai, na kinaweza pia kuwa ombi ambalo halijaamuliwa. Nalo ombi lina uzito wake, kwa kuwa aliyetangulia kuomba ndiye anayetangulia kufikiriwa. Tarehe ya mwisho ikiwa imepita, usishangilie, huenda mwenyewe ameomba kuihuisha. Angalia pia herufi za mbele. PL ni leseni ya utafutaji na inaweza kufunika kilomita nyingi za mraba bila kuona mtu wala shimo ukifika, lakini ina mwenyewe. PML ni kile kipande kidogo, na sehemu kama Geita au Chunya utavikuta vimebanana kama vigae.

Mahali peupe pasipo kipande chochote ndipo penye mtego zaidi. Weupe unasema hakuna leseni, hausemi panaruhusiwa. Panaweza kuwa hifadhi ya taifa, msitu wa hifadhi, eneo la mji, au eneo ambalo Waziri ametenga kwa wachimbaji wadogo.

Sasa tuje kwenye zile mita 300, maana hapa ndipo watu wazima wanapogombana porini, kila mmoja na simu yake mkononi. Kodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali, za leseni nyingi na za ramani za zamani za Tanzania zimeandikwa kwa mfumo wa Arc 1960. Simu na Google Earth hutumia WGS84. Namba ni zilezile kwa sura, ila kila mfumo unaanza kupima kwake. Ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, upande wa Kanda ya Ziwa simu itakupeleka karibu mita 300 kaskazini ya mahali penyewe, na kidogo magharibi. PML ya hekta 10 ikiwa ya mraba ina upande wa mita 316. Kwa hiyo kosa hili halikusogezi mpakani, linakutoa kwenye leseni yako na kukuingiza kwa jirani wa kaskazini. Utaweka bikoni za mpaka, utaita vijana, utafungua shimo, kisha mwenyewe atakuja na karatasi zake.

Kinga yake ni nyepesi. Kwenye karatasi ya leseni tafuta neno Arc 1960 au WGS84 kabla ya kugusa namba. Kama hakuna, chagua kitu kisichohama, mathalani daraja au njia panda iliyomo kwenye ramani ya karatasi, usome kodineti zake, kisha uzilinganishe na za kitu hichohicho kwenye picha ya setilaiti. Tofauti ikiwa ni kama mita 300 kaskazini na kusini, umejua ramani hiyo ni ya Arc 1960. Programu za GPS zenye orodha ya mifumo huwa na Arc 1960; ichague, programu ifanye hesabu yenyewe. Kwa kodineti za UTM, yaani zinazohesabiwa kwa mita badala ya nyuzi, Geita na Chunya ziko kanda ya 36 Kusini, Handeni ni 37 Kusini. Ukisahau hilo la kusini, programu itakutupa kaskazini ya ikweta, mbali kabisa, na angalau kosa hilo utaligundua mara moja.

Kosa jingine ni la kuandika nyuzi. 2°52'30" ni 2.875, si 2.5230. Anayezichanganya anakosea kwa kilomita 39 hivi. Nayo namba iliyokatwa kwenye tarakimu tatu baada ya nukta inaweza kukuyumbisha mita 50; dai tarakimu tano.

Ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000 zingali na thamani. Kila moja inafunika dakika 15 kwa 15 za nyuzi, na zinaonyesha vijito, njia na makazi kwa majina ambayo wenyeji wanayajua. Ila ni za zamani, kijiji kimeshahama au kimekua. Kumbuka pia kwamba PML nzima kwenye karatasi hiyo ni milimita 6 tu, unene wa kalamu ya risasi. Ramani za jiolojia za GST, taasisi ya serikali ya jiolojia iliyoko Dodoma, zinakwambia miamba gani ipo, hazikwambii uchimbe wapi: kwa 1:125,000, mstari wa nusu milimita ni mita 62 ardhini. Google Earth ya kompyuta inawashinda wote kwa jambo moja, picha za miaka iliyopita. Rudisha miaka nyuma uone mashimo yalianza lini na mashamba yamefika wapi.

Mashamba hayo ndiyo ramani ya leseni isiyoyaonyesha kabisa. Leseni ya madini na haki ya juu ya ardhi ni vitu viwili. Hata mwenye leseni halali anahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenye eneo kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, na makaburi hayaguswi kienyeji. Kwa wa karai kuna la ziada: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa kuwa eneo la kulindwa, kwa hiyo mwalo wa kuoshea kando ya maji hauji hivihivi. Hayo utayaulizia kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, pamoja na mwenye shamba mwenyewe. Nenda mchana, na karatasi mkononi, detekta ikiwa kwenye gari.

Kabla ya kutoa hela yoyote, peleka kodineti za pembe zote nne kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa, utaje na mfumo wake. Ukikubaliana na mwenye PML, yaandikwe: namba ya leseni, mipaka, siku za kazi, mgawo wa kinachopatikana na nani anafukia mashimo.

Alama: ramani ya leseni 4 kati ya 5. Google Earth 4. Karatasi ya 1:50,000 tunaipa 3, na ramani ya jiolojia 2 kwa mtu wa detekta, ingawa kwa mwenye PL ingepata 5.