Kishikio cha SCLCR 1212 na vipande vya CCMT kwenye mashine ndogo ya kukereza

Kwa miezi minane sasa kishikio cha SCLCR 1212, yaani mkono wa chuma unaobeba kipande cha kukatia, ndicho ninachokitumia zaidi kwenye mashine yangu ya kukereza, yenye mota ya kilowati 1.1, na nakisifu bila kusita, mradi mnunuzi achague mwenyewe vipande vya kabaidi, ile metali ngumu sana ya kukatia, vya kufunga juu yake.

Nilianza vibaya. Muuzaji wa kwanza alinipa kishikio cha vipande vya CNMG 120408 akisema kuwa ndicho imara, na kwa uimara hakukosea, kwani kipande hicho hugeuzwa juu chini na kutoa ncha nne za kukatia. Lakini ile N ina maana kwamba ubavu wake hauna mteremko wowote, hivyo kishikio hulazimika kukiinamisha, na kipande husukuma chuma kwa nguvu nyingi ambayo mashine nyepesi haiwezi kuihimili. Mashine ilitetemeka, na pini nilizokereza zikatoka na mawimbi.

CCMT 09T304 ni kitu kingine kabisa. C ya kwanza ni umbo la rombasi lenye ncha ya nyuzi 80. C ya pili ni mteremko wa nyuzi 7 ubavuni, na hii ndiyo herufi ambayo mwenye mashine ndogo anapaswa kuisoma kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu ndiyo inayokipa kipande nafasi ya kukata kwa wepesi. Unapata ncha mbili tu badala ya nne, nami naona ni gharama ya haki.

Tarakimu 04 za mwisho ni nusu kipenyo cha mviringo wa ncha, yaani milimita 0.4. Wengi hushawishika kununua 08 ili wapate uso laini, na kwa hesabu wana haki: kisu kikisogea milimita 0.1 kwa kila mzunguko, ncha ya 0.4 huacha mikwaruzo yenye kina cha mikroni 3 hivi, na ya 0.8 huacha nusu yake. Hata hivyo ncha kubwa hukisukuma pembeni zaidi chuma kinachokerezwa, na pini ndefu nyembamba hupinda na kuanza kutetemeka, kwa hiyo ulaini uliohesabiwa hauonekani kamwe. Ncha ya 08 naiweka kwa kazi nene na fupi, au pale kisu kinapogonga mfereji wa ufunguo uliochongwa kwenye chuma kinachokerezwa.

Lawama yangu ni kwa vipande kumi vilivyokuja pamoja na kishikio. Kisanduku chake hakikuonyesha daraja la kabaidi wala herufi ya metali inayokusudiwa. Vilikata vizuri kwa kina cha milimita moja, ila nilipotaka kuondoa sehemu ndogo ya milimita ili kufikia kipimo, vilisugua badala ya kukata. Nimenunua vingine vyenye alama ya P, ya rangi ya buluu, kwa ajili ya feleji ya kawaida, na kwa bushi za shaba nyeusi na kazi za alumini natumia CCGT zenye alama ya N, ya kijani (hapa N ni ya metali zisizo chuma, si ile ya ubavu), ambazo makali yake yamenolewa kiwandani na hukaa kwenye kishikio kilekile. Hizo CCGT zimenishangaza: hata kwenye chuma laini, kwa mkato mwepesi wa mwisho, hutoa uso safi kuliko CCMT, ingawa humeguka upesi ukizilazimisha.

Kasi nayo isisahaulike. Pini ya milimita 30 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika hukatwa kwa mita 94 hivi kwa dakika, na hapo kabaidi hufanya kazi ipasavyo. Ukiiendesha kwa mita 25, kama visu vya haispidi, yaani vya feleji ngumu badala ya kabaidi, chuma hung'ang'ania kwenye makali na uso huchanika.

Skrubu ya kipande hufunguliwa kwa bisibisi ya nyota ya T15. Nunua skrubu mbili za akiba siku hiyohiyo, na ufute kikalio, pale kipande kinapokaa kwenye kishikio, kila unapogeuza kipande, kwa kuwa hata chembe moja ya chuma ikibaki chini yake hukipasua.