Uzoefu wangu na kisanduku cha dijitali cha gitaa, na fundi aliyekiunguza

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na msomaji aniwie radhi ikiwa hasira hiyo itajitokeza mahali isipopaswa. Kwa wasiovijua, visanduku hivi ni vile vinavyowekwa sakafuni mbele ya mpiga gitaa, vyenye vitufe vya kukanyagwa kwa mguu, na ndani yake mna kompyuta ndogo inayoiga kwa hesabu sauti za ampulifaya za zamani, yaani mashine za kukuza sauti ya gitaa, pamoja na spika zake na mwangwi wake. Bei yake, uzito wake na idadi ya sauti zilizomo mtu anaweza kuziona mwenyewe dukani. Mimi nataka kuzungumzia tundu moja tu, tundu la kuchomekea umeme, na kijana mmoja ambaye hakunijibu salamu.

Ilikuwa harusini, hapa mjini Unguja, upande wa Ng'ambo, baada ya Sikukuu, pale harusi zinapofuatana usiku kwa usiku. Mwezi mzima wa Ramadhani kisanduku kilikuwa ndani ya begi lake chini ya kitanda, kwa sababu mwezi huo sisi hatupigi, na mvua za masika zilikuwa zimeshika. Tulifika ubeti wa pili wa wimbo unaopendwa sana na akina mama. Mmoja wao alikwisha kuinuka, noti ameifumbata, anakuja kwa madaha kumtunza mwimbaji, na kipande kinachofuata kilikuwa changu: kinanda kinatulia, ngoma zinanipisha, gitaa linasema peke yake. Nikakanyaga kitufe. Kioo kikazima. Yule mama akasimama katikati ya ukumbi na mkono wake umeinuka nusu, akanitazama mimi, si mwimbaji, mpaka mpiga kinanda alipoingia kunisitiri.

Niliinama nikaugusa waya wa adapta, taa zikawaka, nikauachia, zikazima. Ubaya wa vyombo hivi ni kwamba ampulifaya ya zamani umeme ukishuka hufifia kidogo kisha huinuka tena, lakini kompyuta ikikosa umeme kwa kupepesa jicho huanza safari yake upya, ikuoneshe kwanza jina la kampuni, kisha ihesabu mambo yake, na ndipo ikupe sauti. Wimbo haungoji hayo. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kebo ya umeme kutoka bara ilipoharibika, tulidhani tumekwisha kuzoea kila namna ya kukatika umeme, lakini umeme kukatika ndani ya chombo chako peke yako, na taa za ukumbi zote zinawaka, ni fedheha ya namna nyingine. Usiku ule ningeulizwa, ningesema asinunue mtu kitu hiki.

Hata hivyo, haki lazima isemwe. Kabla ya hapo nilikuwa na ampulifaya ambayo kuiingiza katika vichochoro vya Mji Mkongwe kulihitaji hamali na mkokoteni, na malipo ya hamali yalikuwa yakila sehemu nzuri ya ujira wangu. Tangu kampuni ya Line 6 ilipotoa POD mwaka 1998, chombo chake cha kuiga ampulifaya, ile nyekundu yenye umbo la figo, nilikuwa nikitamani siku nitakayoweza kubeba ampulifaya zote begani, na siku hiyo ilipofika nilifurahi kwa furaha ambayo hata sasa sioni haya kuikiri. Nikipanda vespa yangu, begi mgongoni, nafika hotelini pwani ya mashariki nikiwa na sauti ya Vox AC30, ampulifaya ya Kiingereza ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ambayo sijapata kuiona kwa macho, na sauti ile, ukipiga nyuzi za juu taratibu, hulia kama kengele ndogo ya shaba. Kwa miaka miwili nilikaa usiku nikipanga mipangilio yangu mwenyewe, yaani sauti nilizozitengeneza na kuzihifadhi ndani ya kisanduku. Upo mmoja wa taarab, ambao nilipunguza masafa ya sauti yaliyo chini ya hezi 120, yaani zile sauti nzito, ili gitaa lisiifunike udi, nikaongeza mwangwi mfupi wa kulipa gitaa nafasi bila ya kulichafua. Huo ulinichukua wiki kadhaa, na mpiga udi wetu, mtu asiyesifu ovyo, aliusifu.

Sasa nifike kwa fundi. Duka lake haliko mbali na Darajani, na kwa jina silitaji. Niliingia nikatoa salamu, "Assalamu alaykum," kwa sauti ya kusikika, mbele yake na mbele ya vijana wawili waliokuwa wameinamia simu. Hapana aliyejibu. Kutoa salamu ni suna na kuijibu ni wajibu, na hilo mtoto wa chuoni hulijua kabla hajamaliza Juzuu Amma. Mimi ni mtu mzima, nina mvi, na yule kijana angeweza kuwa mwanangu wa tatu. Aliniambia, "Weka hapo." Nikamweleza kwa utaratibu kwamba tatizo liko kwenye tundu la umeme, kwamba waya ukiguswa kinawaka na ukiachiwa kinazima, na kwamba kwa maoni yangu risasi ya kulehemu iliyo ndani imepasuka. Akaniuliza, "Fundi ni wewe au ni mimi?"

Alikiwasha, akakiona kikizima na kuwaka, akasema programu imeharibika. Akashika vitufe viwili kwa pamoja, kioo kikauliza swali kwa Kiingereza, na kabla sijamaliza kulisoma alikwisha kukubali. Swali lile lilikuwa linauliza kama ana hakika anataka kufuta kila kitu na kukirudisha chombo kama kilivyotoka kiwandani. Miaka miwili ya usiku wangu ilikwenda kwa kidole kimoja, na mwenye kidole hakuinua hata uso. Nakubali kwamba nilipaswa kuhifadhi nakala katika kompyuta kwa waya wa USB, jambo linalochukua dakika chache, na kosa hilo ni langu. Lakini kosa langu halimpi mtu mwengine ruhusa ya kufuta kisicho chake bila ya kuuliza.

Kisanduku kikazima tena, kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa programu haikuwa na neno. Ndipo akasema adapta yangu imechoka. Akaitupa ndani ya droo, akatoa nyengine iliyokuwa ya kifaa cha intaneti, akaichomeka kwa sababu ilienea kwenye tundu. Nilimwambia, "Mwanangu, tazama alama kwanza." Hakutazama. Pakasikika mlio mdogo kama wa punje ya bisi, ikafuata harufu ile ambayo mwenye chombo cha umeme akiisikia moyo humshuka.

Nataka kila mwenye chombo cha namna hii aielewe alama hiyo, kwa hivyo naomba niieleze. Pembeni mwa tundu huchorwa nukta iliyozungukwa na duara lisilofungika. Kutoka kwenye nukta unatoka mstari mmoja na kutoka kwenye duara mwengine, na mwishoni mwa kila mstari pana alama ya kujumlisha au ya kutoa. Vyombo vingi vya nyumbani vina chanya katikati. Pedali za gitaa, yaani visanduku vya kukanyagwa kwa mguu, kwa desturi iliyozoeleka, zina volti 9 na hasi katikati. Plagi zenyewe zinafanana, zinaingia tundu moja, hazikukatazi. Kinachokukataza ni mchoro ule mdogo kuliko ukucha. Na si hivyo tu, kwani hata POD zile za zamani zilitaka adapta ya volti 9 ya mkondo geu, ambayo haina chanya wala hasi ya kudumu, na mtu akiichomeka adapta hiyo kwenye pedali ya kawaida anaiua. Fundi asiyetazama mchoro huo hafai kushika hata redio ya betri.

Alipokivuta kile kisanduku hakikuwaka tena, hata kwa kugusa waya. Akanambia kilikwisha kufa kabla hakijaletwa, na kwamba nimlipe shilingi 20,000 za kukiangalia. Kisha akawageukia wale vijana, si mimi, akasema, "Wazee hawa na vitu vyao vya kuchezea." Kitu cha kuchezea! Kwa kitu hicho nimelipa ada za skuli. Nililipa, kwa kuwa sikutaka kugombana dukani mwa mtu, nikaondoka, na mpaka nafika nyumbani ndipo nilipotanabahi kwamba adapta yangu imebaki ndani ya droo yake.

Kwa siku nyingi nilikilaani kisanduku, kampuni iliyokitengeneza na siku niliyokinunua. Aliyenipunguzia hasira ni mzee mmoja wa Kikwajuni, fundi wa redio wa zamani, ambaye hana bango wala duka, anafanya kazi barazani kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu," akanipa kigoda, na kabla hajakifungua kisanduku aliniuliza kilianzaje kuumwa. Akakifungua, akavaa miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza, akanionesha kwa ncha ya bisibisi. Palikuwa na diodi moja, nyeusi, ndogo kama mbegu ya papai, imepasuka tumboni. Hiyo, alinieleza, iliwekwa makusudi ili umeme ukiingia kinyume iubebe yenyewe na kufa peke yake, na ikifa kwa namna ile hubaki imeunganisha chanya na hasi, umeme usikifikie chombo, ndiyo maana chombo kinaonekana maiti. Aliitoa, akatia nyengine aliyoichomoa kutoka katika ubao wa televisheni mbovu baada ya kuipima kwa mita. Halafu akaligeuza tundu, na hapo nikaona mwenyewe: risasi iliyoshika mguu mmoja wa tundu ilikuwa na ufa wa duara, mwembamba kama unywele, na kandokando yake ukoga wa kijani. Akaisafisha kwa spiriti na mswaki, akailehemu upya. Kisanduku kikawaka. Alitaka shilingi 10,000 na alikataa kupokea zaidi.

Hapo hukumu yangu ikageuka. Kampuni iliyomkumbuka mjinga kiasi cha kumwekea diodi ya kumkinga siwezi kuilaani moja kwa moja. Lakini kampuni hiyo hiyo imelifunga tundu kwenye ubao kwa risasi tupu, bila ya skrubu wala kulabu ya kuushika waya, kwenye chombo kinachowekwa miguuni mwa watu wanaocheza. Kila waya unapovutwa, anayevutwa ni ubao. Hilo siwasamehe. Kwa bei ile, kulabu moja ya plastiki ingewagharimu nini?

Na madhara ya kufutiwa mipangilio hayakuishia kwenye huzuni. Katika kazi ya kwanza baada ya matengenezo, hotelini, nilichomeka moja kwa moja kwenye miksa, ule mtambo unaochanganya sauti za wapigaji wote na kuzipeleka kwenye spika za ukumbi, kama ilivyo kawaida yangu, gitaa likatoka na sauti ya nyuki waliofungiwa ndani ya mkebe. Fundi mitambo alinitazama kama kwamba nimesahau kupiga. Sababu yake ni kwamba spika ya gitaa haipitishi sana masafa ya juu, ikivuka hezi 5,000 huanza kuyazima kwa haraka, na ule uzibo ndio unaoipa sauti utamu wake. Spika za ukumbini hupitisha karibu kila kitu. Kwa hivyo kisanduku kina sehemu ya kuiga spika, ambayo huwashwa unapokwenda kwenye miksa na huzimwa unapokwenda kwenye ampulifaya ya gitaa. Kiwandani kilipangwa kwa ajili ya ampulifaya, mimi nilikwisha kubadilisha siku ya kwanza na kusahau kama nimebadilisha, na yule kijana akafuta na hilo. Mtu mwengine akikuta sauti yake imekuwa ya nyuki, au ikiwa nzito kama imefunikwa blanketi, atazame hapo kabla ya kitu chengine chochote.

Sasa nakitunza kama mtoto mchanga. Kila nikitoka pwani nakifuta kwa kitambaa kikavu, kwa sababu upepo wa chumvi hauonekani lakini hula shaba. Ndani ya begi nimetia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na navibadilisha. Wakati wa Ramadhani sitakilaza tena mwezi mzima; nitakiwasha kila wiki, hata kwa kusikiliza peke yangu kwa spika za masikioni baada ya tarawehe. Na nikikitoa katika chumba cha hoteli chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, sikiwashi mpaka umande uliokijia juu ya bati ukauke. Waya wa adapta ninayoitumia kwa sasa nimeufunga kwa uzi kwenye mshikio, ukivutwa uvutwe mshikio.

Mpangilio wa taarab nimeujenga upya, na nakala yake iko katika kompyuta ya binti yangu. Haujawa ule wa mwanzo. Mpiga udi amesema ni mzuri, lakini namjua anavyosema anapokuwa ametosheka, na hakusema hivyo.

Je, mtu anunue? Wiki iliyopita ningesema anunue bila ya wasiwasi, kwa sababu sauti ya AC30 imerudi na mgongo wangu umepona. Leo asubuhi, hata hivyo, nilimtuma mwanangu kule Darajani kuidai adapta yangu, akarudishwa na maneno kwamba akaitafute kwa aliyemwuzia. Ina alama ya rangi nyeupe niliyoipaka mwenyewe kwenye waya, karibu na plagi. Kesho baada ya sala ya alasiri nakwenda mwenyewe, na nitaanza kwa salamu.