Kiyoyozi kwa nyumba ya Mji Mkongwe: dirisha ndilo lililoniamulia mashine

Kwetu ni Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa ya pili. Chumba cha mama kina madirisha matatu, mawili yanatazama mtaani na moja uwani, na hakuna hata moja lililokuwa na kioo. Ni yale ya kikale: milango miwili ya mbao inayofungukia nje, nusu yake vipapi vilivyolazwa mshazari, na kwa ndani fito za chuma zilizosimamishwa kwenye fremu. Kati ya fito na fito kinapita kiganja changu, sentimita 10 hivi. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unapita nusu mita.

Madirisha haya yalitengenezwa ili upepo uingie na jua libaki nje. Miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, yanaifanya kazi hiyo vizuri mno, hata panka hatuliwashi. Tabu ni kaskazi, miezi ya joto. Februari mwaka jana, saa nane za usiku, kipimajoto cha chumbani kilionesha nyuzi 30, na jasho halikauki kwa unyevu uliopo hewani. Mama ana miaka 78 na ana presha. Usiku wa tatu nilipomkuta amekaa kitako kitandani akijipepea na kipepeo cha ukindu, niliamua kununua kiyoyozi.

Kila duka niliulizwa ukubwa wa chumba. Hakuna aliyeniuliza dirisha likoje, na mimi sikujua kwamba hilo ndilo la kuanzia.

Kile cha kupachika dirishani nilikiacha mapema, maana ingebidi fito zikatwe, na mimi siwezi kukata chuma kilichokaa humo tangu kabla mama hajazaliwa. Nikachukua cha magurudumu, kile kinachosimama sakafuni na kutoa joto kwa bomba nene la plastiki. Shilingi 950,000. Nilifikiri hakihitaji kutobolewa ukuta wala kuombewa kibali, basi nyumba itasalimika. Nyumba ilisalimika kweli, ila bomba lile lina upana wa sentimita 15, na fito zangu zinaruhusu 10. Kile kipande cha plastiki kinachokuja nacho kimetengenezwa kwa madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Kwetu hakina pa kukaa. Tukaishia kulitoa bomba kwa mlango wa ukumbini, tumeziba pembeni kwa mto na kanga, na joto lote la chumbani likahamia ukumbini kwa wageni.

Hata hapo chumba hakikupoa. Ukisimama mbele ya mashine unapigwa na baridi, ukipiga hatua mbili ni joto lilelile. Sababu yake niliiona kwa macho Alhamisi moja jioni, mama alipofukiza udi. Chetezo alikiweka kwenye kizingiti cha dirisha la mtaani, kama anavyofanya siku zote, na siku zote moshi hupanda ukajikunja polepole, mwingine ukatoka nje. Siku ile mashine ikiwa imewashwa, moshi ulilala. Ulinyooka kama uzi kutoka kwenye vipapi kuja ndani, kuelekea kitandani. Ndipo nilipoelewa. Mashine ya bomba moja huchota hewa ya chumbani, ikaipitisha kwenye sehemu yake ya moto, ikaitupa nje. Hewa iliyotoka lazima ijazwe na nyingine, na kwetu ilijazwa na ya mtaani, yenye joto na unyevu, kupitia mamia ya nafasi za vipapi. Nilikuwa nalipia umeme kuvuta joto la nje liingie ndani. Mashine si mbovu. Nilimuuzia binamu yangu wa Mwera, mwenye madirisha ya aluminiamu, na huko inafanya kazi yake.

Basi nikaanza upya, na safari hii nikaanza na dirisha. Fundi seremala, mzee aliyezoea nyumba zetu, alikuja akapima, akaingiza mkono mpaka kiwiko katika kina cha dirisha akasema, "Mwanangu, huu unene wa ukuta ndio bahati yako." Alitengeneza fremu nyembamba za msaji zenye kioo, zikakaa upande wa ndani kabisa, mbali na fito na vipapi. Zina bawaba, zinafunguka kuja chumbani, na kingo zake zimezungushiwa mpira. Kwa kuziweka fremu hizo, dirisha la zamani halikuguswa hata msumari. Anayepita mtaani hajui kama kuna kitu kimebadilika. Fremu tatu zilinigharimu shilingi 480,000, na nasema bila kusita kwamba hizo ndizo pesa zilizofanya kazi kubwa kuliko zote. Jaribio la udi nililirudia: moshi ulipanda wima.

Mashine niliyochagua ni spliti, yaani yenye sehemu mbili, moja ndani na moja nje, ya inveta, inayojipunguza kasi chumba kikipoa. Nguvu yake ya kupooza ni BTU 12,000, gesi ya kupozea ni R32, shilingi 1,250,000. Chumba ni mita 3 kwa 5, na kwa eneo hilo duka moja liliniambia 9,000 inatosha. Lakini dari letu la boriti liko mita 3.9 juu, hivyo hewa ya kupooza ni nyingi kuliko chumba cha kisasa cha eneo hilohilo. Kama dari lako liko juu, hesabu na urefu, usihesabu sakafu peke yake.

Kabla ya kufunga nilikwenda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kuomba kibali. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na mimi binafsi sipendi kuona kuta za mtaani zikining'inizwa mashine zinazotiririsha maji. Yetu ya nje imekaa uwani, juu ya paa la jiko, haionekani popote.

Kwenye kutoboa ndipo nilipoumia. Fundi wa kwanza alikuja na drili kubwa ya kugonga kana kwamba ukuta ni wa zege. Haikupita dakika moja plasta ikaanguka, kipande kikubwa kama sinia, na nyuma yake matumbawe yakawa yanamwagika unga. Nilimsimamisha palepale. Wa pili hakutoboa ukuta kabisa. Sehemu ya juu ya dirisha la uwani ina ubao usiofunguka, na ubao huo ulishaoza. Seremala akatengeneza mwingine wa vipimo vilevile wenye tundu la sentimita 6.5, mabomba ya shaba yakapita hapo, juu ya fito. Kuanzia mashine ya ndani mpaka ya nje ni mita 4. Na fundi huyu alinyonya hewa kwenye mabomba kwa pampu kabla ya kufungua gesi, akasubiri karibu nusu saa akitazama geji kama sindano inasogea. Fundi asiye na pampu hiyo, usimkabidhi mashine yako.

Bomba la maji lisimamieni kwa macho yenu. Chokaa ikilowa kila siku hulainika na kubanduka, na kaskazi mashine yetu inatoa ndoo karibu nzima kwa usiku mmoja, lita 8 hivi. Tumeliteremsha bomba mpaka kwenye pipa uwani, na mama anamwagia mirehani yake.

Matokeo: saa mbili za usiku tunawasha, ikifika saa tatu chumba kiko nyuzi 26, na hapo tunakiacha. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, unakwenda yuniti 5 mpaka 6 kwa usiku. Nilinunua na stabilaiza kwa sababu umeme wetu hupanda na kushuka. Chumvi ya bahari ni adui wa kweli wa mashine ya nje, kwa hiyo kila mwezi tunaizima na kuiosha kwa maji yasiyo ya chumvi, bila kuyapiga kwa nguvu. Umeme ukikatika chumba kilichozibwa kinachemka haraka, lakini fremu zina bawaba, tunafungua na upepo unarudi.

Lililobaki ni moja ambalo sikulifikiria. Wiki ya kwanza mama alilala usingizi mzito, lakini asubuhi alikuwa mnyonge. Nilipomuuliza akaniambia, "Sikusikia adhana, mwanangu." Vioo vilikuwa vimezuia joto, na vimezuia na sauti ya msikiti aliyoamka nayo maisha yake yote. Sasa rimoti tumeitega izime saa kumi na nusu. Mimi naingia polepole, nafungua fremu ya dirisha la mtaani, kisha milango ya mbao, na chumba bado kina ubaridi wake muadhini anapoanza.