Simu ya kununua Mbeya: uliza bendi kwanza, G baadaye

Shangazi yangu wa Isongole aliuza viazi, akashuka sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, akarudi na simu ya 5G. Nyumbani kwake, nyuma ya kilima, juu ya kioo ikasimama herufi E. Hiyo ni EDGE, ukoo wa 2G, ambayo hata siku njema haifiki nusu megabiti kwa sekunde. Picha moja ya MB 3 ilizunguka mpaka akaenda kuchota maji.

5G nyingi hurushwa kwenye masafa ya juu, MHz 3500 hivi: ina kasi, lakini haifiki mbali na vilima huikata. Masafa ya chini, 700 na 800, ndiyo yanayotambaa mpaka mashambani. Kila kipande cha masafa huitwa bendi, na kina namba yake. Kwa hiyo mimi ninapanga hivi.

Namba moja ni 4G ya kawaida yenye bendi 3 (MHz 1800), 20 (800) na 28 (700), tena yenye VoLTE, yaani kuongea na simu kupitia 4G yenyewe. Bila VoLTE, ukipigiwa tu simu inashuka 3G au 2G na intaneti inasinzia. Uliza pia kama laini zote mbili zinashika 4G kwa pamoja. Simu za zamani huipa moja, nyingine inabaki na makombo. Usitishwe na maandishi ya boksi: Mbps 150 ni megabiti, gawanya kwa nane, unapata kama MB 19 kwa sekunde, na hizo ni za karatasini. Mtaani ukipata Mbps 10, video haikwami.

Ya pili ni 5G, kwa anayekaa mjini na kugawia kompyuta intaneti, mradi iwe na bendi zile za chini. Watu husema inakula bando. Inayokula ni video inayojipandisha ubora, ishushe mwenyewe.

Ya tatu ni mtumba wa simu kubwa. Hapa pana mtego: baadhi ya zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina bendi 20, nyingine zimefungwa kwa kampuni ya huko. Chomeka laini yako palepale dukani, fungua video, ndipo utoe hela. Piga *#06#, kisha tuma namba ya IMEI, kitambulisho cha simu, kwenda 15090 uone kama jibu linataja simu uliyoshika.

Kitochi janja cha 4G kinamfaa bibi, chaji inakaa. Ya 3G tupu usiguse, hata kwa ofa.

Ukifika nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya laini, aina ya mtandao, uweke 4G/3G/2G. Ukiweka 4G pekee, usipokuwa na VoLTE watu watakukosa hewani.

Simu ya shangazi haikuwa na bendi 28. Kampa mwanawe aliyepanga Iyunga, mjini, anaifaidi. Shangazi mwenyewe kachukua 4G kwa nusu ya bei, na jana kanipigia video akiwa shambani: ukungu umeingia kwenye viazi, nimuulizie dawa mjini.